Ibrahimu Aliyepanda Nyuma ya Gari Letu

Alhamisi, 12 Juni

Mambo yameiva! Bibi Jikke ametangaza leo mezani, kipande cha kiazi bado kimo mdomoni. Goti lake limekataa kabisa kukanyaga klachi. Kwa hiyo gari lake la kulala, lile jeupe refu lenye vitanda vitatu, jiko na choo cha kukalia, linatafuta dereva wa majira yote ya joto. Atakayechaguliwa atapewa funguo Jumapili. Funguo! Mpaka Septemba! Aende atakako, mradi mara mojamoja arudi amzungushe Bibi kidogo.

Wagombea tuko wawili. Wa kwanza ni mimi, Jelmer. Nimesoma umakanika mwaka mmoja na nusu (ile nusu nyingine niliwasamehe walimu), leseni ninayo, sura ninayo. Wa pili ni binamu yangu Gerben, karani wa bima, anayepiga pasi soksi. Haya si mashindano. Hii ni farasi kushindana na kabati.

Mtihani ni wikiendi hii hii. Tumtembeze Bibi na gari, yeye atazame. Anataka kuona nchi na kuona watu. Kasema amechoka kukaa kambini akikodolea macho kamba ya nguo ya jirani. Gerben akajibu haraka kwamba ana ramani. Ramani! Mimi nikasema nina marafiki kila mji wa jimbo letu la Friesland, nikipita tu watu wanatoka nje. Sijui kwa nini nilisema hivyo, mdomo ulinitangulia. Lakini Bibi alifurahi mpaka akaniongezea mchuzi. Gerben hakuongezewa.

Baadaye kidogo. Hali si nzuri sana. Nimepiga simu tatu. Rafiki wa kwanza alienda kutazama kalenda, nikamsikia akifunua kurasa, akarudi akasema ana nafasi mwishoni mwa Agosti, mchana, akiwa ameshakula. Wa pili alisema karibuni sana, ila baada ya chakula cha jioni, maana mama yake ameshanunua soseji nne na wao nyumbani ni wanne. Wa tatu aliuliza mimi ni nani.

Siwezi kukosa funguo hizi. Pale gereji ninapofagia nimeshamwambia kila mtu, mpaka yule mleta matairi, kwamba Julai nitakuwa Ufaransa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, naoga huku naendesha. Nikibaki hapa na ufagio nitaiweka wapi sura hii?

Ijumaa, 13 Juni

Tumeondoka! Naendesha mimi. Gerben alitaka tupeane zamu, nikamwambia Bibi kwamba Gerben akishika usukani hupumua kwa mdomo. Ni kweli, nimemwona. Basi naendesha mimi.

Jambo moja tamu sana kuhusu gari hili. Kila gari la kulala tunalopishana nalo, dereva wake anainua mkono kusalimia. Ndiyo desturi yao barabarani. Wazee wenye mvi, wanaume wa maana, wote wananipungia mimi! Nilipunga mpaka mkono ukauma. Gerben akasema wanapungia gari, si mimi. Wivu, basi.

Leeuwarden tumetazama mnara ule ulioinama. Gerben alisoma habari zake kwa sauti kutoka kwenye kijitabu: matofali, karne, udongo laini, matofali tena. Bibi aliuangalia mnara, akaangalia goti lake, akasema yeye na ubovu wake wote anasimama vizuri zaidi. Mimi nikamwambia wanaunyoosha kidogo kila mwaka, nina mtu ninayemjua kwenye kazi hiyo. Bibi akataka kumwona mtu huyo. Nikasema leo yuko likizo.

Kisha tukaenda kwa Auke, mwenye soseji nne. Tulifika mapema kidogo kwa bahati mbaya (si bahati mbaya, nilipanga). Nikaegesha mbele kabisa ya dirisha lao kubwa. Pazia wazi kama kawaida ya watu waungwana. Familia nzima mezani: viazi, maharage mabichi, soseji nne. Wakatuona. Wakatupungia. Sisi tukawapungia. Wakaendelea kula. Tukakaa ndani ya gari tukiwatazama, nao wakitutazama, katikati yetu kuna kioo na maua ya dirishani. Nilihesabu kila kijiko. Baba yake Auke alipochukua kiazi cha mwisho alinitazama machoni, naapa.

Walipomaliza kufuta meza mama mtu alitoka nje, mchangamfu kweli, akasema sasa karibuni kahawa. Tukapewa kahawa na biskuti mojamoja kutoka kwenye kopo. Kisha kifuniko, pap! Kopo likarudi kabatini. Bibi alisifu sana, akasema nyumba yenye utaratibu utaijua tu. Nilitumaini Auke atanikumbatia. Alinitazama muda mrefu, akasema, “Aa, si wewe uliyeanguka mferejini na ngazi ya shule?” Basi ikawa hiyo ndiyo habari ya jioni nzima. Gerben alicheka mpaka akaomba maji.

Marafiki: mmoja. Lakini hesabu yangu na ya Bibi inaonekana si sawa. Ameniuliza kama huyu ndiye mtu wa kutoka nje nikipita. Nikasema subiri Jumamosi.

Halafu kuna suala la choo. Sanduku la choo cha gari linajaa, lazima mtu alibebe akalimwage. Nilimfanyia Gerben ujanja: nikajifanya mgongo umenikamata. Akalibeba yeye, mikono imenyooka mbele kama amebeba bomu. Nilijipongeza sana. Kisha nikamsikia Bibi akimwambia kwamba mwanamume huonekana kwenye sanduku la choo. Alama kwa Gerben! Kesho nitalibeba mimi hata likiwa tupu.

Jumamosi, 14 Juni, mchana

Asubuhi Hindeloopen. Nyumba ndogo, madaraja madogo, watu wakubwa. Bibi alitaka kuona meza zilizopakwa maua, tukaziona zote. Nimebeba sanduku la choo katikati ya kijiji, pole pole, ili Bibi anione. Lilikuwa tupu. Watalii walinipiga picha.

Njiani daraja lilifunguliwa kupitisha mashua. Tukasubiri. Zikapita mashua nyingi, halafu moja ikarudi kuchukua kofia. Bibi akasema kwa sauti ya kuvutavuta kwamba tangu jana ameiona nchi vya kutosha, watu bado. Gerben akasema anaye mteja wa bima hapo karibu, mtu mzuri, ana ngazi ya umeme. Nikaona funguo zinapaa zinaniacha. Nikaomba muujiza.

Muujiza ukaja! Tumevuka daraja, kijiji cha kwanza, nyumba ya kona: Ibrahimu! Mdoli wa upepo mrefu kupita mlango, ndevu hadi kitovuni, kanzu ya kahawia, kamba nne chini, anayumba kwenye bustani kama mlevi wa harusi. Maana yake humo ndani kuna mwanamume amefikisha hamsini, amemwona Ibrahimu kama wasemavyo, na jamaa zake wanamwaibisha mtaani kwa upendo. Na palipo na Ibrahimu pana keki.

Kwenye kibao kikubwa shingoni mwake: FOLKERT 50. Nikafunga breki. Nikasema, “Bibi, sikukwambia? Kwa Folkert! Rafiki yangu wa damu!”

Gerben akageuka rangi ya mtindi. Akaninong'oneza kwamba hatuwajui hawa watu. Nikamnong'oneza kwamba na wao hawajuani vizuri, ndiyo maana ya jamaa. Kisha nikamshika Bibi mkono tukaingia.

Mpango wangu ulikuwa rahisi na nausifu hapa ili usipotee. Kwenye sherehe zetu viti viko duara, na kila anayeingia huwapa mkono wote na kumpongeza kila mtu kwa ajili ya mtu wake. Hakuna anayeuliza wewe ni nani. Kila mmoja anadhani unatoka upande wa mwingine. Basi nikaanza. Hongera kwa mumeo. Hongera kwa kaka yako. Hongera kwa shemeji yako. Hongera kwa jirani yako. Nilimpongeza hata fundi bomba aliyekuja tangu asubuhi kutazama boila na akashindwa kupita katikati ya magoti ya watu. Alikuwa ameshakula vipande viwili. Naye akanipongeza kwa fundi bomba.

Shangazi mmoja akauliza sisi ni wa upande gani. Nikasema wa mji wa Joure. Akasema, “Ee, nimeona pua.” Kila mtu ana upande wa Joure.

Keki yenye krimu! Kahawa! Vijibanzi vya jibini na soseji ya maini! Bibi aliwekwa kando ya mama mzee wa Folkert, wakaanza kulinganisha magoti, wakashikana mikono kama waliosoma pamoja. Folkert mwenyewe, jitu jekundu lenye kicheko cha ng'ombe, alinigonga bega akaniuliza tumejuana wapi vile. Nikasema kazini. Akasema, “Aaa! Kumbe wewe wa kazini!” Akaniongezea keki. Bibi akaona. Nikamtazama Gerben. Gerben alikuwa amekaa na sahani magotini, anatoka jasho, anakula kwa hofu.

Tungeondoka kwa heshima zote, lakini mara dirishani likasimama gari, wakashuka watu watano wenye pua moja, na mama mzee akashangilia, “Hao sasa! Watu wa Joure!”

Nikakumbuka kwamba tunachelewa. Nikamnyanyua Bibi pamoja na kijiko. Tukapishana mlangoni na watu wa Joure, nikawapongeza wote, nikaingia garini, nikarudi nyuma kwa kasi, kitu kikagusa kidogo huko nyuma, kichaka nadhani, nikaondoka.

Jamani, safari ile! Nimekuwa mashuhuri! Si magari ya kulala peke yake, sasa kila mtu ananipungia. Lori limepiga honi. Watoto wa baiskeli wamepiga kelele. Mkulima amesimamisha trekta akavua kofia. Nikawapungia wote. Nikamwambia Bibi habari zangu zinasambaa haraka. Bibi kasema ajabu kweli. Gerben alikuwa amefumba macho.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Haikuwa kichaka.

Tumefika kambi ya kulala leo, penyewe ni penye nyasi kando ya ziwa, magari ya kulala yamejipanga kama meno. Nikashuka nijinyooshe. Watu wote wamesimama wanatazama nyuma ya gari letu. Nikaenda. Ibrahimu! Kamba zimejisokota kwenye kibebeo cha baiskeli, kakaa juu ya baiskeli ya Gerben, amejaa upepo, anatabasamu. Kibao FOLKERT 50 kimegeuka, hakisomeki. Tumevuka nusu ya Friesland naye akiwapungia watu mkono.

Kabla sijafungua kinywa akaja mzee mmoja mrefu, mkavu, kofia ya kepe, jina lake Durk. Aliwahi kuwa mlinda daraja maisha yake yote ya kazi. Akatangaza kwa sauti ya kusikika ng'ambo, “Kuna mtu kamwona Ibrahimu! Nani?”

Hapo mtu mwenye akili ndogo angesema ukweli. Mimi niliwaza haraka: watu wa kambi hii wakijua tuna sherehe watakuja, Bibi ataona watu hadi achoke, na zawadi hazikosi. Ila nani awe na hamsini? Bibi ana themanini na mbili. Mimi nang'aa. Nikamnyooshea Gerben kidole.

Wakamwangalia Gerben, ambaye ana ishirini na mbili. Nikasema anakula sana mtindi. Mwanamke mmoja akasema hata yeye angeanza mapema. Durk akamtazama viatu, akamtazama mkanda, akamtazama kalamu mfukoni, akasema, “Ndiyo. Hamsini.” Akampa mkono.

Basi wakamiminika! Kila mtu na kiti chake cha kukunja. Wakapanga duara kubwa kutuzunguka, wakapeana mikono wote kwa wote. Hongera kwa jirani yako wa kambini. Hongera kwa mwanao, wakamwambia Bibi, na Bibi, badala ya kukana, akasema asanteni, alizaliwa na kichwa kikubwa. Gerben alipewa chupa ya pombe ya mizizi, mafuta ya kuchua viungo, na soksi za sufu jozi tatu. Mimi hakuna aliyenipa kitu. Nilipewa viti nivipange.

Kisha wakakaa. Wakaweka mikono magotini. Wote wakautazama mlango wa gari letu.

Nikacheka kidogo. Wao hawakucheka. Na hapo ndipo nikakumbuka. Keki! Kwetu mwenye sikukuu ndiye anayelisha! Mtoto wa chekechea anajua! Nilifikiri zawadi tu, nikasahau upande wa pili. Watu wa kambi nzima wameacha vyakula vyao wakaja kula keki ya Gerben, na Gerben hana keki.

Nikaruka ndani. Tulikuwa na mkate mmoja wa sukari na jibini nusu. Bibi akashika kisu. Sijawahi kuona. Aliukata mkate ule vipande vyembamba mpaka ukikiinua kimoja unaona ziwa kupitia ndani yake. Jibini nililikata vidonge vya ukubwa wa meno. Gerben akazunguka na sahani, kimoja kimoja, na mtu aliponyoosha mkono kwa mara ya pili Bibi akafunika sahani na sahani nyingine, pap. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee mmoja akasema hii ndiyo sherehe ya watu waliolelewa vizuri.

Kilichonikera ni Gerben. Mwanzo alikuwa anatetemeka. Baada ya glasi mbili za ile pombe ya mizizi akaanza kuunguruma akiinuka kitini, mkono kiunoni. Akawashauri vijana wa hema la pembeni kuhusu pensheni. Wakamsikiliza! Mmoja ana miaka thelathini na tano, akamwita mzee wangu! Gerben akamwambia, “Mwanangu, usiharakishe.” Kisha akanituma barafu. Mimi! Nikaenda, maana watu walikuwa wanatazama.

Na Durk je? Durk zamani, mashua zikipita darajani, alikuwa akiwateremshia kiatu cha mbao kilichofungwa kwenye ufito ili waweke ushuru. Bado anacho. Amekaa upande wa pili wa duara, ananyoosha ufito wake juu ya vichwa vya watu, kiatu kinashuka taratibu mapajani mwa Bibi, ndani yake pipi moja ya mnanaa. Bibi anachukua. Kiatu kinarudi. Baada ya muda kinakuja tena. Hawajaambizana neno. Sijui hicho ni kitu gani, lakini Bibi amevua miwani.

Jumapili, 15 Juni

Leo ni siku ya funguo. Nimeamka na mpango safi: Ibrahimu atoweke, tuondoke, Bibi akumbuke furaha tu. Nikatafuta kizibo nimtoe upepo. Kimekwama. Nikamkalia. Upepo wa miguuni ukapanda kichwani, akanitazama kwa macho yaliyotoka nje. Nikamkunja mara mbili nikamwingiza garini, nikamfungia chooni, mahali pekee penye mlango. Mkono mmoja ulibaki nje ya kidirisha. Nikausukuma. Ukatoka tena. Nikauacha.

Mara Bibi akataka kujisaidia. Akafungua mlango. Nikasikia akisema, “Samahani, baba,” akafunga. Akasimama nje akisubiri. Baadaye akagonga, akauliza kama bado sana.

Nilikuwa natafuta jibu lilipoingia gari jekundu kambini. Folkert! Na mkewe, na mama mzee kiti cha nyuma. Ibrahimu ni wa kukodi, anatakiwa kurudi leo, na nusu ya Friesland imemwona akipita, kwa hiyo hakuwa mgumu kumfuata. Kwenye nyasi watu walikuwa wameshakaa duara tena kwa kahawa ya Jumapili, safari hii kahawa ya Durk. Folkert akashuka, shingo imevimba, akapiga kelele, “Yuko wapi mshenzi aliyeniibia...”

Durk akasimama. Akampa mkono. Akasema hongera.

Folkert akasimama kama ng'ombe aliyefika kwenye lango. Mkono ukamtoka wenyewe. Akasema hongera na wewe. Na ukishampa wa kwanza huwezi kumruka wa pili. Akaingia duarani. Hongera kwa jirani yako. Hongera. Hongera. Kila mkono hasira inapungua, naiona inavyoshuka shingoni. Mkewe nyuma yake, hongera, hongera. Mama mzee alipomfikia Bibi alimkumbatia akauliza goti limelalaje. Alipofika kwa mtu wa mwisho Folkert alikuwa amepewa kahawa, ameketi, amesahau alichokuja kufanya. Nikaanza kupumua.

Akamwuliza Durk, sherehe ya nani? Durk akasema ya yule, hamsini jana. Folkert akamtazama Gerben, mwenye soksi mpya za sufu. Akamtazama tena. Akasema kwa huzuni, “Mbona mimi sikubaki hivyo?” Mkewe akasema na yeye anashangaa.

Ndipo upepo ukavuma, na ule mkono wa kidirishani ukampungia.

Makelele! Folkert amesimama, kahawa imemwagika, Ibrahimu anatolewa chooni kwa miguu. Akataka kujua kitu kimoja tu: nani alikuwa anaendesha gari hili?

Kwa busara nikasema Gerben.

Bibi akaweka kikombe chini. Akauliza polepole, kwa sauti ile ya kanisani. Kwamba kumbe siku zote hizi ameendesha Gerben? Barabara zote hizi, madaraja yote, bila kugonga hata jiwe? Basi neno limekwisha. Dereva ni Gerben, funguo ni zake. Akaanza kufungua mkoba.

Nikapiga kelele hapana! Niliendesha mimi! Mita zote mimi! Nilirudi nyuma mimi!

“Kumbe wewe!” akasema Folkert.

Nikasema tuliendesha wote. Yeye usukani, mimi mawazo. Wakaniangalia duara zima. Hata yule wa hema la pembeni. Nikaona nimejifunga kamba mwenyewe miguu yote, kama baiskeli ile.

Gerben akainuka, mkono kiunoni bado, akasema ukweli mtupu: kwamba hana hamsini, ana ishirini na mbili, na samahani. Akaanza kurudisha soksi. Watu wakakataa. Wakasema akae nazo, siku akifika hamsini kweli wasisumbuliwe tena. Yule mwanamke wa mtindi ndiye peke yake aliyevunjika moyo.

Folkert alimfunga Ibrahimu juu ya gari lake. Bibi alimwomba radhi kwa ajili yangu, akamwambia nilianguka mferejini nikiwa mdogo. Folkert akasema sasa anaelewa. Mama mzee akataka Bibi aje kwao tena mwakani, kwa vile ndiye mtu wa Joure anayempenda kuliko wote.

Kisha Bibi akachukua funguo. Nikanyoosha mkono. Gerben akanyoosha wake. Kile kiatu cha mbao kikashuka katikati yetu kutoka angani, taratibu. Bibi akazitia funguo ndani. Kiatu kikapaa.

Akatueleza bila hasira. Kwamba alitaka kuona watu na amewaona. Kwamba mmoja wetu ni mwongo na mwingine amezeeka kwa siku moja, na kwamba mtu aliyetumia maisha yake yote kusubiri mashua zipite bila kumpigia mtu honi ndiye dereva anayemfaa. Wataondoka Julai. Jimbo la Drenthe kwanza, halafu wataona. Durk akavua kepe.

Tumerudi nyumbani. Ameendesha Durk. Ng'ombe walitupita.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefikiri usiku na nimegundua kwamba sijashindwa. Tatizo ni wao kutonielewa haraka.

Gereji waliniuliza habari za Ufaransa. Nikasema nimeamua kuahirisha, kuna mambo ya kifamilia, nimeajiri dereva. Mleta matairi akaniita bosi. Alicheka, lakini alisema bosi.

Gerben alipita kunionyesha soksi. Ameanza kunywa chai bila sukari na kusema “sisi wa rika letu.” Nimemnyima kiti.

Sasa tazama akili. Durk ana sabini na sita. Mzee wa umri ule huchoka, atahitaji mtu wa kumpokea usukani, na atamchagua nani? Atamchagua anayempenda. Kinachotakiwa ni Durk anipende kabla ya Julai. Na jana njiani Bibi amedokeza kwamba Jumamosi ya wiki ijayo Durk anatimiza sabini na saba!

Basi nimetenda. Nimepiga simu kambini nikawaalika wote, nyumbani kwa Durk, na viti vyao. Nimempigia Auke, akatazama kalenda, bahati nzuri alikuwa na nafasi. Nimemwalika Folkert na upande wake wote wa Joure, ule wa kweli. Nimemwalika hata fundi bomba. Durk mwenyewe sijamwambia, Bibi sijamwambia, wala Gerben. Watafungua mlango tu, watakuta umati! Atalia kwa furaha, atanikumbatia, atatoa funguo mfukoni.

Kuhusu keki sina wasiwasi kabisa. Watu wote wale wakija, hata kumi tu wakibeba chochote, tutabakiza.